Siku Nne Ndani, Siku Nne Nje

Kwa miaka sita wiki yangu haikuwa na siku saba. Ilikuwa na nane: nne za gari kuwa ndani ya mji na nne za gari kuwa nje. Watu wa nyumbani waliponipigia simu kuuliza mizigo yao itatoka lini, sikuangalia kalenda ya ukutani, niliangalia vidole vyangu. Nikiwaambia "leo tuko siku ya pili" walidhani nimechanganyikiwa. Pengine nilikuwa nimechanganyikiwa kweli, maana simjui mtu aliyekaa Guangzhou, kule China, miaka yote hiyo akikusanya mizigo ya watu na kichwa chake kikabaki vile kilivyotoka Mombasa.

Kazi yangu ni hiyo, kukusanya. Wenye maduka wa Mombasa na Nairobi hununua kidogo huku na kidogo kule, na hakuna hata mmoja anayeweza kujaza kontena peke yake. Mimi huchukua katoni kumi za huyu na ishirini za yule, madaftari na wanasesere wa barabara ya Yide Lu, mikoba ya Shiling, nikazirundika ghalani huko Baiyun mpaka zitoshe kontena moja. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya mgahawa, mtaa wa Dengfeng, Xiaobei. Kina mizani, meza, kitanda changu nyuma ya pazia, na harufu ya kitunguu inayopanda kutoka chini tangu asubuhi. Nguo zangu zote zinanuka kitunguu na nimeshaacha kuona haya.

Kazi hiyo haiendi bila gari, na gari haliendi bila dereva. Wangu alikuwa mtu wa Hunan, mkoa ulio kaskazini ya pale, mfupi, mpole, mwenye tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lisilopendeza. Nilimwita shifu, kama wanavyoitwa madereva na mafundi wote kule. Naye aliniita dajie, yaani dada mkubwa, ingawa mvi zake zilizidi zangu. Gari lake lilikuwa aina ile ya kubeba watu na vitu, ambalo Wachina huliita gari la mkate kwa umbo lake, na wallahi lilifanana na mkate wa juzi. Viti vya nyuma alikuwa amevitoa siku nyingi. Lilikuwa gari la petroli, na lilisajiliwa kwao Hunan, na hapo ndipo taabu zetu zilipoanzia.

Mji ule hutazama kwanza kibao cha namba ndipo ukutazame wewe. Kibao cha kijani ni gari la umeme. Hilo hupita popote siku yoyote, maana halina moshi. Kibao cha buluu chenye herufi ya Guangzhou ni mwenyeji, nalo hupita. Kibao cha buluu cha kutoka mji mwingine ni mgeni, na mgeni ana masharti: akizunguka katikati ya mji siku nne mfululizo, lazima atoke akae nje siku nne kamili kabla hajarudi. Kamera ziko kila daraja na kila njia panda, na hazisinzii. Malori ya dizeli yana sheria zao nyingine za saa na za barabara, ambazo sitazieleza kwa sababu zilinishinda.

Sibishani na sheria hiyo. Wanasema ni kwa ajili ya moshi na msongamano, na mimi mwenyewe nimeona tofauti. Zamani shuka nyeupe nikiianika dirishani ilirudi na rangi ya majivu. Siku hizi inarudi nyeupe, inanuka kitunguu tu. Lakini hata sheria nzuri huchosha mtu anapolazimika kuihesabu kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Basi tukajipangia. Siku nne za ndani tulikwenda Yide Lu na kwenye maduka mengine ya katikati. Siku nne za nje tulikwenda Shiling, mji wa mikoba, ambako sheria ile haifiki. Nilikuwa na kipande cha katoni ukutani nilichokichora visanduku vinane, na kila siku nilisogeza kibanio cha nguo kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Shifu akija alikitazama kwanza kibanio, ndipo anisalimie. Tuliishi hivyo miaka sita bila kosa hata moja la siku. Makosa yetu yalikuwa mengine.

Leseni ya udereva kule ina alama kumi na mbili kwa mwaka. Ukikosa hiki inakatwa moja, ukikosa kile zinakatwa tatu, na zikiisha zote leseni inazuiliwa mpaka urudi darasani na mtihani uufanye upya. Mwaka huo shifu alikuwa amebakiwa na alama moja. Moja tu. Nyingine zilikwenda kidogo kidogo, na nikisema kweli nyingi zilikwenda kwa ajili yangu. Kusimama Yide Lu pasiporuhusiwa kwa sababu nimesema "dakika mbili tu, shifu". Kugeuza pasipogeuzwa kwa sababu nimeliona duka upande wa pili. Kila mara alikohoa kidogo, akafanya nilivyotaka. Alama zingerudi zote kumi na mbili mwaka wa leseni yake utakapogeuka, na ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku kadhaa.

Aliogopa ule mtihani kuliko kitu chochote. Aliwahi kuniambia kwamba ujanani aliufeli mara tatu, na siku hizo macho yalikuwa bado mazima. Sasa maswali ni ya kwenye kompyuta, yanakwenda na saa, na yeye hata ujumbe wa simu husoma akiwa ameunyoosha mkono wote. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Akipoteza leseni ile, gari la mkate lilikuwa chuma tu, naye angerudi Hunan kwa ndugu yake mwenye shamba la chai ambaye hawakupatana. Haya yote niliyajua. Nayasema mapema ili asiwepo wa kunitetea.

Wiki ile kontena lilikuwa lifungwe Alhamisi jioni. Shule zilikaribia kufunguliwa nyumbani, na kila mwenye duka alitaka madaftari yake yawe kwenye meli hiyo, si nyingine. Yide Lu asubuhi hujaa mikokoteni na watu mpaka gari halipenyi, kwa hiyo nikamwambia shifu asingoje Jumatatu asubuhi kama kawaida yetu. Aingie mji Jumapili jua likishazama, gari lilale nyuma ya jengo letu, alfajiri tuwe wa kwanza. Gari lilikuwa nje tangu Jumatano, kwa hiyo siku nne za nje zilikuwa zimetimia. Akaja. Nilikuwa nimeshaswali Magharibi nilipomsikia akipiga honi yake fupi chini. Nikakisogeza kibanio kwenye kisanduku cha kwanza, nikaandika pembeni: Jumatatu.

Sasa nieleze, kwa maana watu wa bara hunicheka. Kwetu pwani jua likizama, siku imekwisha. Usiku unaoingia ni wa kesho. Jioni ya Alhamisi sisi huita usiku wa Ijumaa, na mfungo wa Ramadhani huingia jioni mwezi ukionekana, hauingii asubuhi. Bibi yangu alihesabu hivyo arobaini za watoto wachanga na eda za wajane, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Mimi sikufundishwa jambo hili nikaliweka akilini. Nililikuta tu mwilini, kama mtu asivyojua alijifunza lini kumeza mate. Gari lililoingia mji baada ya Magharibi ya Jumapili, kwangu liliingia Jumatatu. Hata sikulifikiria.

Mji ule lakini huhesabu siku kuanzia saa sita ya usiku, na gari likigusa barabara zake nusu saa tu ya Jumapili, Jumapili yote imeliwa. Kwa miaka sita hesabu yangu na yao hazikugombana, kwa sababu shifu aliingia asubuhi siku zote. Wiki ile nilizigombanisha mwenyewe.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano tulibeba. Sina cha kusimulia katika siku hizo ila mgongo. Katoni za madaftari ni nzito kuliko zinavyoonekana, na wanasesere ni wepesi lakini katoni zao hazipiti mlangoni. Nilipima, niliandika, niligombana na mwenye duka aliyenipa kalamu nyeusi badala ya buluu na kila nikilalamika alisema "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, huku katoni za buluu naziona nyuma ya mgongo wake. Nilikuwa nimefika umri wa kubebewa mizigo na bado naombwa nibebe.

Alhamisi asubuhi niliteremka nikamkuta shifu amesimama kando ya gari. Hakuwa ameliwasha. Alikohoa kidogo, akainua mkono wake wa kulia kiganja wazi, vidole vyote vitano.

"Dajie," akasema. "Leo."

Kule kiganja wazi ni tano, na kidole gumba kikikunjwa ni nne. Nilielewa anauliza nini. Nilielewa vizuri sana, na nilikasirika. Tangu alama ibaki moja alikuwa akiuliza kila kitu mara mbili, hapa tusimame, pale tugeuze, na mimi nilikuwa sina nguvu ya kujibu hata mara moja. Nikamshika ule mkono na nikakikunja kidole gumba chake kwa mkono wangu, kama unavyomkunja mtoto anayejifunza kuhesabu.

"Nne, shifu," nikasema. "Nne. Mimi nahesabu siku tangu sijaota meno."

Sehemu ya meno niliisema kwa Kiswahili, lakini sauti yangu haikuhitaji mkalimani. Akautazama mkono wake uliokunjwa, akanitazama mimi.

"Hao de," akasema, yaani sawa. Akawasha gari.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema lolote kuhusu anayejibu.

Tulimaliza kupakia Yide Lu kabla ya saa sita. Katoni ya mwisho ya wanasesere haikuingia nyuma, nikaipakata. Nakumbuka tulipita taa za kwanza, halafu sikumbuki kitu. Nililala njia nzima hadi Baiyun, na aliponiamsha tulikuwa mlangoni pa ghala. Kontena likajaa, likafungwa, na vijana wa ghala wakapiga makofi kama ilivyo desturi yao. Jioni hiyo nikiwa ofisini macho yakaingia giza. Jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa Nairobi anayeuza vioo vya simu, akaniingiza kwenye teksi hadi hospitali. Ilikuwa presha. Wakanipa vidonge na karatasi yenye muhuri, wakaniambia nipumzike. Niliitia karatasi kwenye mkoba, nikapumzika siku moja.

Jumanne iliyofuata shifu alipanda ngazi. Hapo nilijua kuna jambo, maana kawaida alipiga honi kwanza, na siku hiyo hakupiga. Hakukitazama kibanio. Aliiweka simu yake juu ya mizani, akasimama nyuma yake mikono chini.

Ilikuwa picha ya kamera. Gari la mkate kutoka mbele, kibao cha namba kikisomeka wazi, na nyuma ya kioo mimi nimelala, kichwa kimeangukia dirisha, mdomo wazi, katoni ya wanasesere mapajani. Nilicheka kwanza. Mungu anisamehe, nilicheka nilivyojiona. Halafu nikakigeuzia kitafsiri cha simu yangu maneno yaliyo chini ya picha, kikanisomea: gari la nje ya mji, siku ya tano mfululizo.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia ni uongo, tumeingia Jumatatu, hiyo ni siku ya nne, waende wakaitengeneze kamera yao.

"Jumapili," akasema shifu. Simu ikalirudia kwa Kiswahili: Jumapili.

"Jumapili usiku!" nikasema. "Usiku ule ni wa Jumatatu."

Simu ikayasoma maneno yangu kwa Kichina, taratibu, kwa ile sauti ya mwanamke asiye na haraka. Nilimtazama shifu akisikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaona hakuelewa, akaibonyeza isome tena. Na mimi nikayasikia tena maneno yangu yakisemwa na mtu mwingine, kwa mtu asiye na sababu yoyote duniani ya kuyajua, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Niliona haya, ile haya ya kweli inayochoma masikio. Nikakaa kitandani bila hata kulifunga pazia.

Yeye akaichukua simu yake juu ya mizani. Baadaye akasema alama imekatwa, na ameitwa afike ofisi ya trafiki na leseni yake.

Jirani yangu wa Nairobi alisoma chuo kule kule na anasoma Kichina kama gazeti. Jioni ile aliketi juu ya katoni akanipekulia sheria nzima kwenye simu, akitafuta waliosamehewa. Ilikuwa orodha ndefu. Zimamoto, ambulensi, polisi. Mabasi ya abiria. Magari ya umeme yote, ya kutoka kokote. Nilisikiliza kama anayesomewa majina ya waliofaulu mtihani na lake halimo. Mkate wa petroli kutoka Hunan haumo. Mwanamke wa Mombasa anayehesabu siku kwa jua hayumo.

"Mathe, ngoja," akasema; kwao Nairobi mathe ni mama. "Kuna hii ingine hapa. Ukivunja sheria juu ulikuwa unaokoa mtu, unapeleka ushahidi wanaifuta. Si wewe ulienda hosi Alhamisi?"

"Nilikwenda jioni. Picha ni ya mchana."

"Tarehe si ni ile ile? Na cheki vile umelala hapa. Hata mimi ningeapa huyu mathe amezirai."

Nikaitazama picha tena. Alisema kweli, nilionekana mtu wa kuokolewa. Nikajiambia uongo wa kumponya mtu si sawa na uongo mwingine, na mwenye kumponza mwenzake ana wajibu wa kumchomoa. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wawili tulikuwa wageni mji ule, kila mmoja kwa kibao chake, na mimi ndiye niliyeleta maradhi. Nikaitoa ile karatasi ya hospitali mkobani, nikaikunjua, nikaipiga pasi kwa kiganja.

Asubuhi ya kwenda, nilimwambia shifu kwa simu, neno kwa neno: ukiulizwa, sema ulikuwa unampeleka mgonjwa. Alisikiliza. Hakusema ndiyo na hakusema hapana, alikohoa tu, na mimi niliyemjua miaka sita nikajifanya sijui maana ya kile kikohozi.

Ofisi yenyewe iko Baiyun, nje ya eneo la sheria ile, kwa hiyo alikwenda na gari na mimi nikafuata kwa treni ya chini ya ardhi, tukakutana uani. Tulichukua namba. Tulikaa kwenye viti vya chuma saa mbili. Mbele yetu kulikuwa na watu wa kila aina ya kosa, wote na simu mkononi, wote na picha ya gari lao lililoonekana vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Shifu alikuwa amevaa shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona. Mikunjo ya lilivyokuwa limekunjwa dukani ilikuwa bado inaonekana kifuani.

Dirishani alikuwepo askari mwanamke kijana, sauti imemkauka kwa kusema kutwa. Nilipitisha karatasi yangu chini ya kioo kabla hajauliza, nikasema kwa Kichina changu cha sokoni: mgonjwa, mimi, presha. Akaisoma. Akaangalia saa iliyoandikwa kwenye karatasi, akaangalia saa iliyoandikwa kwenye picha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sikuwa nimejiandaa kwa uchovu wake. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeniambia katoni yake ilikuwa na mikoba mia na mimi nimeipima kwa mikono yangu.

Hata hivyo hakunifukuza. Alimgeukia shifu akamuuliza polepole, mpaka mimi nikaelewa kila neno: mchana ule, ulikuwa unampeleka hospitali? Ndiyo au hapana? Nadhani alikuwa tayari kuandika ndiyo. Naendelea kudhani hivyo mpaka leo.

Alikuwa ameigeuza kompyuta upande wetu na kuikuza picha. Kwenye simu ilikuwa ndogo kama stempu, na mimi kwenye simu nilijitazama mwenyewe tu. Sasa ilijaa kioo kizima. Nilijiona, mtandio umeteleza, mate karibu kutoka. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamtazama dereva. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani. Macho hayakuwa barabarani. Yalikuwa yameinuka juu, yakiitazama kamera moja kwa moja, kama mtu anavyoitazama sindano iliyo mkononi mwa daktari.

Dereva asiye na wasiwasi haitazami kamera. Anaitazama anayejua kuwa yuko siku ya tano.

"Hapana," alisema shifu. "Alikuwa amechoka, amelala. Mimi ndiye niliyekosea kuhesabu."

Nikaanza kusema. Nilisema ni mimi niliyehesabu, nikaonyesha vidole, nikasema jua, usiku, Jumapili, Jumatatu, maneno yote niliyokuwa nayo, na nyuma yetu foleni ikaanza kunong'ona. Askari alinisubiri nimalize.

"Nani aliendesha?" akauliza.

"Yeye."

"Basi."

Akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili, akaniambia nipunguze chumvi. Halafu akaipokea leseni ya shifu, akaitia kwenye bahasha, akampa fomu ya darasa na ya mtihani. Shifu aliinyoosha ile fomu mkono wote ili aisome, akashindwa, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati jipya.

Nje gari la mkate lilikuwa pale lilipoachwa, na hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kuliondoa. Alisema binamu yake atakuja kulichukua Jumamosi. Akalifunga, akajaribu milango yote, hata ule wa nyuma usiofunguka. Nilisimama na karatasi yangu mkononi nikiwa sijui pa kuiweka.

"Ulijua," nikamwambia.

Aliiomba simu yangu, akasema nayo kwa sauti ya chini, akanipa niisikilize. Ikasema kwa Kiswahili chake kisicho na mwenyewe: "Nilihesabu tano. Lakini ulisema kwa nguvu sana. Nilifikiri labda nimekosea mimi."

Nimetukanwa katika nchi mbili, sokoni na bandarini, na hakuna tusi lililonifika pale. Nilitaka kumwomba radhi, na lile neno la Kichina la kuombea radhi, ambalo nimelitumia kila nikimkanyaga mtu kwenye treni, niliona halifai. Nikainua mkono wangu wa kulia kiganja wazi mbele yake, vidole vyote vitano, nikauacha pale.

Akautazama. Kisha akakishika kidole gumba changu, akakikunja, vikabaki vinne, kama nilivyohesabu mimi.

Akaniuliza kituo cha basi kiko wapi. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kupanda basi la mji ule, na mimi ndiye niliyempeleka mpaka kituoni, nikamwonyesha namba ya basi lake.